Harufu ya Chumba cha Sabuni

Nyumbani,
Chumba cha sabuni, juu ya meza ya kukatia,
Jumapili baada ya kufua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Goti lako limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za hospitali? Bibi amesimama nyuma yangu na anataka jibu la swali moja kabla sijafika popote: unakula? Nimemwambia mtu anayefanya kazi hospitali hawezi kukosa kula. Akasema wanaokonda ni hao hao. Basi utujibu, nipate amani.

Sisi hatujambo. Baba, kaka yako, bado anatengeneza baiskeli pale pale kwenye kona, na kila kikombe cha nyumba hii kina alama ya kidole chake cha grisi. Mama anapika sabuni kama kawaida. Kaka yangu yuko bweni. Likizo iliyopita alirudi na sauti ya ajabu, sentensi anaianza kama mzee wa baraza na kuimaliza kama kifaranga. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka akahamishia sahani yake uani. Nakuambia hilo mapema ili ujue kwamba nililipwa.

Na mimi nimekua, Shangazi. Gauni ulilonitumia lilikuwa refu, sasa linanifika magotini. Kwenye paji la uso nimeota vipele vitatu ambavyo Bibi amenikataza kuvigusa, kwa hiyo nimevigusa. Halafu upande wa kushoto wa kifua umeota kitu kama punje ya njegere, kinauma nikikilalia, na upande wa kulia bado umelala usingizi wa pono. Je, ule wa kulia umesahauliwa? Nauliza kweli, si utani. Ukijibu swali moja tu katika barua hii, jibu hilo. Lakini najua utajibu yote, kwa sababu Baba anasema udadisi wangu nimeurithi kwako.

Swali la pili. Wewe unapima damu za watu kutwa nzima. Umewahi kuiona homoni? Ina rangi? Inatembea, au inabebwa tu kama abiria? Usicheke kwanza. Nina sababu ya kuuliza, na ni kisa ambacho nusura kimwangamize mtu mzima kwa kosa langu.

Unajua kazi yangu hapa nyumbani, lakini nikukumbushe, maana uliondoka nikiwa bado nalala na Bibi. Pua ya Mama imekufa. Kwa miaka yote ile ya kukoroga magadi, mvuke ukimpanda usoni, ilikufa kidogo kidogo, na sasa maharage yanaweza kuungua mbele yake asijue mpaka aone moshi. Mpika sabuni asiyeweza kunusa ni sawa na mpishi asiyeonja. Kwa hiyo mimi ndiye pua yake. Ndiyo maana hata wateja wanamwita Mama Pua, na mimi mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho kuitwa jina langu nje ya darasa.

Mafuta yakifika, dumu linafunguliwa, nainama, nanusa. Kisha nachovya kidole, nasugua tone nyuma ya mkono, nangoja lipate joto, nanusa tena. Nikitabasamu, yanamiminwa sufuriani. Nikikunja uso, dumu linarudi lilikotoka, na hakuna mtu mzima anayebisha. Samaki mmoja akioza huoza wote, na kwenye sabuni ni vivyo hivyo. Tone la mafuta yaliyochacha linaharibu fremu nzima, lile kasha la mbao tunalomiminia sabuni igande, na utaligundua sabuni ikiwa imeshakauka rafuni.

Aliyenifundisha kunusa ni Mzee Dumu. Huyu nadhani unamkumbuka, yule anayekamua mafuta mwenyewe na kuyaleta kwa mkokoteni, na ambaye hajawahi kuonekana mikono mitupu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Ni yeye aliyenipa jina la Pua, nilipokuwa mdogo kiasi cha kuingia ndani ya fremu ya sabuni na kukaa. Sabuni yetu inakunywa karibu mafuta yake yote. Sisi tukimwacha, hana pa kuyapeleka.

Sasa sikiliza.

Mwanzoni mwa muhula huu, aliniletea dumu kama kawaida. Nikainama. Mafuta yalinukia vizuri, lakini nyuma yake palikuwa na kitu kingine. Kitunguu, Shangazi. Kitunguu kilichokatwa jana kikasahauliwa chini ya kikapu. Nikanusa tena, kikaja tena. Nikakunja uso.

Mzee Dumu alinitazama, akatazama dumu, akalifunga. "Pua imesema," akamwambia Mama, akaondoka nalo.

Safari iliyofuata, kitunguu. Safari ya tatu, kitunguu, tena kimekolea. Na haikuwa kwenye madumu tu. Nilipokwenda kugeuza sabuni rafuni, nikaikuta ile harufu inanisubiri. Nikamwambia Mama. Maskini Mama, hana namna ya kuhakikisha, anaamini tu. Akazishusha sabuni zote, akazirudisha jikoni kuziyeyusha upya, akaongeza mchaichai mpaka macho yakatuwasha. Zilipokauka nikanusa. Mchaichai na kitunguu, bega kwa bega.

Nilianza kuona ajabu. Harufu ile ilikuwa shuleni pia! Katika darasa letu ukiingia baada ya mapumziko, ipo, tena siyo moja, ni za aina nyingi nyingi. Mwalimu wetu wa sayansi, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, siku hizi akiingia anafungua madirisha kwanza ndipo asalimie. Mimi nikapiga hesabu zangu. Darasani karibu kila mtu anatumia sabuni ya Mama. Sabuni ya Mama imetokana na mafuta ya Mzee Dumu. Kwa hiyo mafuta ya Mzee Dumu yamewanukisha watoto wa mtaa mzima. Niliona nimegundua jambo kubwa, na nikalipeleka nyumbani mbio mbio.

Shangazi, ona jinsi mtu anavyoweza kuwa na akili nyingi na asitumie hata moja.

Mama alikaa chini. Alisema hajawahi kumdhania vibaya yule mzee, lakini huenda uzee umemwingia kwenye kazi, huenda haoshi mitambo yake, huenda anachanganya mafuta ya zamani na mapya. Baba alisema tungoje. Mama akajibu kwamba sabuni inayonuka haingoji, na watu wakishaisema hawairudii tena. Kulikuwa na muuzaji mwingine, kijana mwenye shati lililonyooshwa na madumu mapya, alikuwa ameshapita mara mbili kuulizia. Mama akamwambia aje Ijumaa. Na Mzee Dumu akaambiwa aje Ijumaa hiyo hiyo, alete mafuta kwa mara ya mwisho yajaribiwe.

Alikuja kabla ya yule kijana. Alikuwa amevaa kanzu safi kana kwamba anakwenda mahakamani, na madumu yake mawili yalikuwa yameoshwa nje kwa mchanga mpaka yanang'aa. Aliyaweka sakafuni polepole. Mama alikuwa amesimama karibu na sufuria, amekunja mikono. Bibi alikuwa mlangoni. Baba pia alikuwepo, amefunga kibanda mapema, jambo ambalo hafanyi hata akiugua.

"Mama Pua," Mzee Dumu akasema, "mitambo nimeifungua yote. Nimeiosha, nimeianika, nimekamua upya. Haya nimeyakamua jana kwa mkono wangu. Nimeyanusa mimi, ameyanusa mke wangu, tumemwita na jirani. Hatujaona kasoro. Lakini huenda pua zetu zimezeeka pamoja na sisi. Mtoto anuse. Akikataa, sitakulaumu, na wala sitarudi kukusumbua."

Kisha akanigeukia mimi. "Nusa vizuri, mwanangu. Usinionee huruma."

Nikapiga magoti. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, nikainua kiwiko ili nipate nguvu ya kukizungusha. Kitunguu hicho! Kimekuja kabla kifuniko hakijafunguka.

Hapo ndipo udadisi uliponiokoa, maana mafuta yaliyofungwa hayanuki. Nikateremsha mkono. Harufu ikapungua. Nikauinua. Ikaja. Nikateremsha, ikaenda. Nikainua tena, chini, juu, chini, kama mtu anayejaza upepo gurudumu, watu wazima wanne wananitazama.

"Pua," Baba akasema, "unafanya nini?"

Nikafungua dumu. Nikabana mikono yote miwili ubavuni kama bata, nikainama, nikanusa. Mafuta. Mafuta matupu, matamu, mazuri kama siku zote. Nikageuza uso taratibu, nikauelekeza kwapani kwangu.

Shangazi, damu ilinipanda mpaka kwenye masikio. Mimi! Mimi Pua, ninayewaambia watu wazima kipi kinanuka na kipi kinanukia! Mtoto wa mpika sabuni! Nilitamani sakafu ipasuke. Nilifikiria kusema tu kwamba mafuta haya ni mazuri, kwisha. Lakini Mama angeamini kwamba yale ya kwanza yalikuwa mabovu kweli, na Mzee Dumu angebaki na doa maisha yake yote, na angekwenda nyumbani akidhani pua yake na ya mke wake hazifai. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mama," nikasema, "mafuta haya ni mazuri. Na yale ya kwanza yalikuwa mazuri. Na sabuni ilikuwa nzuri."

"Sasa kinachonuka ni nini?"

"Ni mimi."

Nikaona nisipothibitisha hawataelewa, basi nikainua mkono. Baba alisogea, akanusa, akarudi nyuma hatua moja, akajikuna kichwa. Siku zote ananusa grisi tu, ndiyo maana hakujua mapema. Mzee Dumu hakunisogelea, kwa heshima, ila niliona mabega yake yakianza kutikisika.

Aliyepiga kelele ni Bibi. "Yaani ni wewe!" akasema. "Ni wewe! Na mimi nimeoga mara tatu kwa siku tangu muhula uanze, nikajua ndio uzee huo umenifika, nikaona haya hata kukaa karibu na watu!" Kumbe alikuwa akiinusa harufu yangu kila jioni nikimsuka nywele, mikono yangu iko juu ya kichwa chake, na akadhani ni yake mwenyewe. Alikwangua mgongo kwa dodoki mpaka ukamwasha. Kisha akaanza kucheka, na Bibi akicheka unamjua, anahitaji kushika kitu. Akaushika mlango. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, "sisi tukakitafuta kwenye madumu!"

Hapo Mzee Dumu naye akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanzu, na sikuwa na hakika kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko. "Nilidhani mimi nimekwisha," akaniambia, "kumbe ni wewe ndiye umeanza."

Mama ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akaniinua mkono, akaweka uso wake pale pale. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka.

"Sisikii kitu," akasema. Kisha akalia. Alilia kweli, Shangazi, kwa sauti, mbele ya watu. "Nguo zake nazifua mimi kila wiki. Wenzangu wanajua mtoto amekua kwa kunusa tu shati alilovua. Mimi mwanangu amekua ndani ya nyumba yangu, nimekuwa wa mwisho kujua."

Nilimshika kichwa, lakini kwa mkono mmoja, ule mwingine nilikuwa bado naubana.

Alipotulia, alisimama akamwomba radhi Mzee Dumu, bila kuzungukazunguka. Alimwambia amemkosea na amemwaibisha. Mzee Dumu akajibu kwamba mwenye kufuata pua hana kosa, kosa ni la pua, na pua imekiri. Yule kijana wa shati lililonyooshwa alipofika, Baba alimpokea mlangoni, akamkaribisha chai, akamwambia ukweli kwamba mafuta tumeshapata. Sijui kama alimwambia sababu. Naomba Mungu awe hakumwambia.

Jumatatu nilibaki darasani wakati wa mapumziko nikamweleza mwalimu wa sayansi yote, maana nilishindwa kulala na maswali. Hakunicheka. Alichora mtu ubaoni. Akasema chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere (njegere tena, Shangazi, mwili huu una njegere ngapi?), na siku moja ubongo unaiamsha, nayo inaanza kupeleka wajumbe ndani ya damu. Wajumbe hao ndio homoni. Mmoja anapeleka habari kwenye mifupa, refuka. Mwingine kwenye kifua, mwingine kwenye koo la wavulana, ndiyo ile sauti ya kifaranga. Mwingine anagonga mlango wa tezi za jasho za makwapani, ambazo zimelala tangu mtu azaliwe. Anasema jasho lenyewe likitoka halinuki hata kidogo. Ni vijidudu vya kwenye ngozi vinavyolila, na karamu yao ndiyo tunayoinusa. Nikamuuliza kwa nini anafungua madirisha. Akavua miwani akaifuta, akasema karibu darasa letu lote wajumbe wamefika pamoja.

Lakini hakuweza kuniambia ubongo unajuaje siku. Nani anaugutua? Mbona mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, na tulizaliwa mwezi mmoja, wajumbe wake hawajatoka nyumbani? Na kuna mjumbe wa kulia bila sababu? Kwa sababu juzi nimelia kwa ajili ya kijiko. Kilianguka tu, hata hakikuvunjika, nami nikakililia. Mwalimu alisema yupo wa namna hiyo, ila nikuulize wewe unayekaa karibu na damu.

Siku hizi naoga asubuhi na jioni, nasugua makwapa kwa sabuni yetu, na nguo ya ndani nabadilisha kila siku. Bibi amerudi kuoga mara moja, anasema amepumzika. Kaka yangu ameshaandikiwa habari zote na Baba, na ametuma jibu la mstari mmoja ambalo sitalinakili hapa. Nilistahili.

Kazi yangu bado ninayo. Niliogopa wataniondoa, lakini Mzee Dumu alisema pua iliyojikamata yenyewe haipatikani kirahisi. Sasa nanusa mikono ikiwa imebanwa, na yeye husimama pembeni akisema, "Bata yuko tayari?"

Jambo la mwisho, na hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla sijaenda shule Mama ananisimamisha mlangoni na kuniuliza, "Leo unanukaje?" Anataka nimwambie kwa maneno, kwa kuwa hana njia nyingine ya kujua. Basi nanusa, namwambia. Leo sabuni tu, Mama. Leo sabuni na moshi kidogo. Leo kitunguu kimeamka mapema. Anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za redio, kisha ananiruhusu niende.

Jana akaniuliza swali jipya. Alikuwa anakata sabuni kwa waya, hakuinua uso. "Na mimi? Nanukaje? Nimesahau."

Nikamsogelea, nikaweka pua begani kwake, pale nilipokuwa naegemea nikibebwa. Nikamwambia: mchaichai. Kuni. Magadi kwa mbali. Kisha nikanusa tena, maana chini ya hayo yote palikuwa na kitu ninachokijua. Kitunguu, Shangazi. Kile kile changu. Nimekinusa tangu nizaliwe wala sikuwahi kukiita kitunguu, kwa sababu nilikuwa nakiita Mama.

Nilipomwambia, aliacha waya katikati ya sabuni.

Nakuwekea humu kipande cha sabuni ile, kikiwa kimefungwa kwa gazeti. Kinuse unijibu unasikia nini. Bibi anasema kula. Baba anasema pole na goti, na ukipata baiskeli huko usimpe mtu mwingine aitengeneze. Mama anakukumbatia. Mzee Dumu pia anakusalimu, anasema anakukumbuka ukiwa na umri wangu, na hatasema zaidi. Mungu akutunze, akulinde na ngazi, na akurudishe kwetu ukiwa na majibu yote.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye mikono ikiwa imebanwa,

Pua.

Tanbihi: Leo asubuhi upande wa kulia umeanza kuuma. Sijawahi kufurahia maumivu namna hii. Lakini bado nataka kujua ulikuwa wapi.